Kwa nini tovuti ya matapeli ilimfungukia mteja wako, wewe ikakukwepa

Swali: Nina duka dogo la kuchapisha na kufotokopi Busia, upande wa Uganda. Watu huja niwajazie fomu za TIN, za pasipoti na za kazi. Juzi mteja mmoja alikuja akilia. Alitumiwa linki kwa WhatsApp ikisema URA, mamlaka ya kodi, inarudisha kodi iliyokatwa zaidi. Alipoifungua kwenye simu akakuta nembo na rangi zilezile, akaombwa namba ya simu, PIN ya mobile money, kisha tarakimu zilizokuja kwa SMS. Pesa zote zikaondoka. Nilipoifungua linki hiyohiyo kwenye kompyuta ya dukani ikanipeleka Google tu. Ndugu yangu wa Kampala anayeelewa kompyuta naye akasema tovuti haipo. Je, mteja wangu alidanganya? Nitazijuaje tovuti hizi kabla mtu hajaumia, nanyi mnaozifuatilia mnazikamata vipi? Na kuripoti kunasaidia, au ni kupoteza muda?

Jibu: Dada yangu, mteja wako hakudanganya. Yeye, wewe na ndugu yako mmefungua linki moja, na kila mmoja ameonyeshwa kile ambacho tapeli alitaka aone. Nitaeleza hilo linavyofanyika, maana ndilo linaloamua kama tovuti itakamatwa leo au itaendelea kuiba. Lakini tuanze na huyo aliyeumia.

Kama bado hajabadilisha PIN, aibadilishe sasa hivi kwa simu yake mwenyewe, *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel. Kisha awapigie huduma kwa wateja wa laini yake, aseme wazi kwamba alitoa PIN pamoja na tarakimu za SMS. Asione haya kulitaja hilo la pili, kwa sababu ndilo lililomponza. Kwa PIN pekee, laini ikiwa mfukoni mwa mwenyewe, tapeli hafiki mbali. Zile tarakimu ndizo zinazoweza kumruhusu kuingia kwenye akaunti hiyo kwa simu nyingine. Aombe simu yoyote ngeni iliyounganishwa na akaunti yake iondolewe, na aulize pesa zilikwenda namba gani na saa ngapi, ayaandike. Kama PIN hiyo ndiyo anayoitumia benki pia, huko nako abadilishe.

Na hili lichapishe ulibandike dukani: tovuti halali ikitaka ulipe kwa mobile money, ombi la PIN huja kwenye simu yako na unajibu palepale kwenye simu. Ukurasa wowote wa intaneti wenye kisanduku cha kuandika PIN ya mobile money, ufunge, hata uwe umepambwa kwa nembo ya nani. Kwa kisa cha mteja wako, kisanduku hicho peke yake kilitosha kumaliza ubishi.

Sasa kuhusu ile linki iliyowakimbia.

Unapobofya linki, simu au kompyuta yako hujitambulisha kabla ukurasa haujaja. Seva ya upande wa pili, yaani kompyuta inayobeba tovuti, huona anwani yako ya IP, na kwa hiyo nchi uliyopo na mara nyingi kampuni inayokupa intaneti. Huona kama unatumia simu au kompyuta, kivinjari gani, lugha gani. Tovuti za kawaida hutumia taarifa hizi kukuletea ukurasa unaotosha kwenye kioo chako. Matapeli wanazitumia kuchuja wageni. Simu ya Android yenye laini ya Uganda inapewa ukurasa wa wizi. Kompyuta ya mezani inasukumwa Google. Anwani inayojulikana kuwa ya Microsoft, ya Google au ya kampuni ya antivirusi inaambiwa ukurasa haupo. Wengine huweka kumbukumbu ya kila aliyekwisha kuingia, na akirudi mara ya pili anakuta mlango umefungwa.

Ndugu yako wa Kampala huenda alikuwa na VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine, mara nyingi nchi nyingine. Hilo si ajabu hapa kwetu. Julai 2018 ilipokuja kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, watu wengi waliweka VPN ili waikwepe, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 wengine wengi wakafuata. Simu nyingi zimebaki nazo, zinawashwa mchana kutwa. VPN ikikutolea Amsterdam, seva ya tapeli inamwona Mholanzi, na Mholanzi hana mobile money ya kuibiwa. Kwa hiyo ukitaka kuthibitisha kwamba ukurasa ni wa wizi, VPN ni kikwazo. (Na VPN za bure zinazopakuliwa popote nazo zina balaa lake: kila unachotembelea kinapitia mikononi mwa mtu usiyemjua.)

Fikiria basi maana yake kwetu tunaofanya kazi hii. Roboti zinazokagua tovuti kutafuta wizi kwa kawaida hukaa kwenye vituo vikubwa vya data Ulaya na Marekani. Zinapobisha hodi kwenye tovuti ya mteja wako zinaonyeshwa ukurasa mtupu, zinaandika kwamba ni salama, zinaondoka. Kioo cha simu ya mteja wako kiliona ushahidi ambao maabara kubwa ilifichwa. Kwa hiyo sikubali kabisa kwamba kuripoti ni kupoteza muda. Mtu wa Busia mwenye simu ya kawaida ndiye wa kwanza kuiona tovuti hiyo kama ilivyo, na kwa saa kadhaa huenda ndiye wa pekee anayeweza kuisema.

Na saa ndizo zinazohesabiwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State na wenzao walichapisha uchambuzi wa mashambulizi mengi ya tovuti za kuiba nywila. Waligundua kwamba kwa wastani, kutoka mtu wa kwanza kunaswa hadi wa mwisho ni saa 21, na kwamba tovuti hugunduliwa na walinzi wa mtandao saa tisa baada ya yule wa kwanza. Saa tisa ni tangu alfajiri hadi alasiri, na muda wote huo linki inaruka kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine.

Turudi dukani. Kitu cha kukagua ni anwani, kwa sababu sura ya ukurasa hunakiliwa bila shida yoyote. Nembo, rangi, hata maneno ya chini kabisa ya ukurasa huchukuliwa yote kwa dakika. Chukua mfano huu:

ura.go.ug.rejesho-kodi.example/fomu

Nimeweka .example mwishoni kwa makusudi. Ni kiishio kilichotengwa kwa ajili ya mifano tu, hakifunguki popote. Mtu mwenye haraka anaona ura.go.ug mwanzoni na anaridhika. Lakini jina la tovuti lina mpangilio wa ukoo kama majina yetu, Bakari wa Juma wa Salim: la kushoto ni mtoto, linalofuata ni baba, la mwisho ni babu. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake, kisha soma kurudi nyuma kutoka hapo. Kwenye anwani halisi ya mamlaka ya kodi, ura ni mtoto wa go, na go ni mtoto wa ug. Huo ni ukoo wa serikali ya Uganda. Kwenye mfano wangu babu ni example na baba ni rejesho-kodi, jina ambalo tapeli amelinunua. Akishakuwa baba anaweza kumpa mtoto jina lolote, pamoja na ura, na hakuna wa kumzuia.

Simu huficha habari hii, maana kisanduku cha anwani ni kifupi na hukata jina refu. Kwa hiyo usibofye kwanza. Bonyeza linki na ushikilie, inakili, ibandike mahali pa kuandika ujumbe tu, uisome nzima. Linki zilizofupishwa hazisomeki kabisa, na ofisi ya serikali inayokutaka uandike siri zako haina sababu ya kujificha nyuma ya linki fupi. Jihadhari pia na herufi zinazofanana. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alionyesha tovuti iliyosomeka apple.com kwenye baadhi ya vivinjari, kumbe herufi zake zilikuwa za Kisirili, zile za Kirusi. Siku hizi kivinjari kikishuku hila hiyo hukuonyesha jina linaloanza na xn--. Ukiona herufi hizo kwenye tovuti inayodai kuwa ya ofisi ya Kampala, toka.

Kikufuli kinachokaa kando ya anwani usikitegemee. Tulifundisha watu kwa miaka mingi kwamba kikufuli ni usalama, na mafundisho hayo sasa yanaua. Kikufuli kinasema tu kwamba mawasiliano kati yako na seva yamefichwa asiyasome mtu wa kati. Hakisemi mwenye seva ni nani. Tangu mwishoni mwa 2015, shirika la Let's Encrypt linatoa bure vyeti vinavyoipa tovuti kikufuli hicho, kazi njema kabisa iliyofanya intaneti yote iwe salama zaidi, ila tapeli naye anakipata kwa dakika chache. Google waliliona hilo, na Septemba 2023 wakaiondoa alama ya kikufuli kwenye Chrome.

Umri wa jina, huo unasema mengi. Fungua lookup.icann.org, ukurasa wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, andika jina la baba na babu tu, na kwa majina ya kimataifa kama .com, .top au .xyz utaona tarehe lilipoandikishwa. Jina la mwenyewe kwa kawaida hutaliona. Limefichwa kwa sehemu kubwa tangu sheria ya Ulaya ya data binafsi ya 2018. Lakini tarehe ipo. URA ilianzishwa 1991. Tovuti inayosema ni yake na jina lake limeandikishwa juzi Jumanne haihitaji uchunguzi zaidi.

Kinyume chake hakifanyi kazi, na hapa wengi wanateleza. Jina la zamani si dhamana, wala .ug si dhamana. Matapeli wanapenda sana kuvamia tovuti halali zilizosahauliwa, ya shule, ya kanisa, ya hoteli ndogo, ambayo fundi aliijenga miaka iliyopita na hakuna aliyeisasisha tena. Wanaingia, wanafungua folda moja ndani kabisa, wanaweka ukurasa wao humo. Mwenye tovuti hajui lolote, maana ukurasa wake wa mbele uko vilevile. Hata serikali huvamiwa: Agosti 2012 kundi la Anonymous liliingia kwenye tovuti ya Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda na kubandika maneno yake. Kwa hiyo ukiona tovuti ya shule ya msingi inaomba PIN, usibishane na umri wake.

Uliuliza sisi tunazikamata vipi. Njia ninayoipenda zaidi ilizaliwa na msiba. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi iitwayo DigiNotar, iliyokuwa ikitoa vyeti vya tovuti, ilidukuliwa, na wadukuzi wakajitengenezea cheti cha Google kilichotumika kuwapeleleza watu, wengi wao wakiwa Iran. Baada ya hapo ikajengwa desturi kwamba kila cheti kinachotolewa kiandikwe kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma na hakuna anayeweza kulifuta. Vyeti vilivyotolewa baada ya Aprili 2018 vinakataliwa na Chrome visipokuwa humo. Matokeo yake, tapeli akiomba cheti cha bure kwa ajili ya ura.go.ug.rejesho-kodi, jina hilo linaonekana duniani kote muda si mrefu, mara nyingi kabla hajatuma ujumbe wake wa kwanza. Programu zetu hukesha zikisoma madaftari hayo na kupiga kengele zikiona ura, nssf (mfuko wa hifadhi ya jamii), nira (ofisi ya vitambulisho) au momo (mobile money) ndani ya jina lisilo na ukoo wake. Nawe unaweza kutafuta bure kwenye crt.sh. Mianya ipo: akitumia jina fupi kama ura.rejesho-kodi na kuomba cheti kinachofunika watoto wote wa rejesho-kodi kwa mpigo, jina la ura halitajwi daftarini, na tunabaki na jina la baba tu.

Tukishaipata moja, tunatafuta ndugu zake. Tunauliza anwani ya IP ile inabeba majina gani mengine, na mwezi uliopita ilibeba yapi, kwa kuwa zipo hazina zinazoweka kumbukumbu ya jina gani lilielekea wapi na lini. Tunapima kile kipicha kidogo kinachokaa pembeni ya jina la ukurasa kwenye kivinjari. Kikinakiliwa kutoka tovuti halisi hadi nyingine, alama yake ya kihesabu haibadiliki, nasi tunaisaka mtandaoni kote. Tunasoma msimbo wa ukurasa, kwa sababu tapeli wa kawaida hajengi chochote. Ananunua kifurushi kilicho tayari, anakipakia kwenye seva kikiwa faili la zip, anakifungua, na mara nyingi analisahau lile faili palepale. Mchunguzi akilipata, ndani anakuta orodha ya IP zinazofukuzwa, kanuni ya kuchuja simu za Uganda, na pale zinapopelekwa PIN zilizoibwa. Siku hizi nyingi huenda kwenye akaunti ya Telegram. Si mara moja imegundulika kwamba muuza kifurushi alificha humo mstari unaomtumia na yeye nakala ya kila kilichoibwa.

Hivyo tovuti moja huvuta nyingine. Kinachoonekana Busia kama linki moja kwa kawaida ni tawi la kundi linaloiga benki, kampuni za simu na ofisi za kodi za nchi kadhaa, likibadilisha majina kila siku. Majina yenyewe huchaguliwa kwa bei. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom ilitoa bure majina yenye viishio vya Mali, Gabon, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Guinea ya Ikweta na visiwa vya Tokelau, na viishio hivyo, vingi vikiwa vya Afrika yetu, vikachafuka kwa utapeli. Mwanzoni mwa 2023 iliacha kuandikisha majina mapya, wakati kampuni ya Meta ilipokuwa imeifungulia kesi. Wahalifu wakahamia viishio vingine vya bei ya chini, lakini angalau sasa wanalipa, na mahali palipo na malipo pana alama ya kufuata.

Basi ripoti yako iweje? Anwani nzima, herufi kwa herufi, kwa maandishi. Picha pekee haitoshi, ingawa nayo itume, maana huenda ndiyo sura pekee ya ukurasa tutakayopata. Ongeza saa uliyoiona, laini uliyokuwa nayo, aina ya simu, na ujumbe ulioileta. Sema wazi kwamba kwenye kompyuta haikufunguka. Sentensi hiyo moja humwambia mchunguzi aingie kama simu ya Uganda. Unapomtumia mtu anwani ya hatari, ivunje asije akaibofya: andika hxxp badala ya http, na uweke nukta ndani ya mabano ya mraba.

Peleka CERT.UG, kikosi cha taifa cha dharura za kompyuta kilicho chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari, ipeleke pia UCC, tume ya mawasiliano, na kampuni ya simu inayohusika. Mteja aliyeibiwa afungue jalada polisi, awe na namba ya jalada. Halafu kuna hatua mbili ambazo watu hawazifanyi nazo ndizo za haraka. Ya kwanza ni ukurasa wa Google wa kuripoti tovuti za hadaa. Wakikubali, Chrome kwenye simu za watu wote huanza kuonyesha onyo jekundu. Ya pili ni kumwandikia aliyeuza jina. Ile lookup.icann.org inakupa barua pepe yake ya malalamiko, na tangu tarehe 5 Aprili 2024 mkataba wa ICANN unawalazimisha wauzaji hao kuchukua hatua wakipewa ushahidi wa kutosha wa wizi wa nywila au virusi. Barua fupi yenye anwani na picha inatosha. Ukitumia urlscan.io au VirusTotal kukagua linki, angalia kwanza kama ina namba ya simu au jina la mteja ndani yake, maana unachokipeleka huko wengine wanaweza kukiona.

Usijaribu kuingia kwenye seva ya tapeli wala kumjaza PIN za uongo kwa hasira. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa, nayo haina msamaha kwa mwenye nia njema. Isitoshe, seva hiyo huenda ni ya shule fulani isiyojua kitu.

Kwa duka lenyewe, hifadhi anwani halisi za URA, pasipoti na NIRA kwenye alamisho za kivinjari, na mfungulie mteja kutoka hapo tu, kamwe usipitie linki aliyokuja nayo wala tangazo la juu kwenye matokeo ya Google. Kila mteja mfungulie dirisha la mgeni ili nywila yake isibaki kwenye kompyuta. Mwambie anayekuletea intaneti aingie kwenye ruta yako aweke DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP) ya 9.9.9.9. Ni huduma ya bure ya Quad9 iliyoanza 2017, inayokataa kufungua majina yaliyokwisha kuorodheshwa kuwa ya hatari. Haitazuia tovuti iliyozaliwa asubuhi ya leo, lakini zile za jana na juzi, ambazo bado zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nyingi zitagoma kufunguka kwako. Simu za wateja wanaotumia data zao wenyewe hazipitii ruta yako, kwa hiyo wale waombe wakuonyeshe linki kabla ya kuibofya.